Hajavunja Ungo: Kisa cha Mtoto Mmoja wa Mbagala

Bibi mzaa mama ndiye aliyeanza kuhesabu. Mjukuu wake alikuwa ametimiza miaka 14, rika lake lote katika uchochoro ule wa Mbagala lilishavunja ungo, wengine tangu wakiwa darasa la sita, na yeye bado. Kwa mzee wa Kizaramo aliyezaliwa Kisarawe na kuchezwa ngoma chini ya mti wa mkole, hilo si jambo la kunyamaziwa. Kungwi alikwisha kupatikana. Doti mbili za kanga zilikwisha kuwekwa sandukuni. Kilichosubiriwa ni damu tu, na badala ya damu ikaja sauti. Ndani ya muhula mmoja wa kidato cha kwanza sauti ya mtoto iliteremka hadi kifuani, na asubuhi moja alipoita kutoka chumbani mama yake aliinua mwiko akidhani kuna mwanamume ameingia ndani.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii upande wa Temeke. Mama na mtoto wameniruhusu kuandika kisa chao; nimeondoa majina yote na kubadili mambo machache ambayo yangewatambulisha. Nakiandika kwa sababu mjadala huu wa jinsi ya mwili na namna mtu anavyojitambua umetufikia ukiwa tayari ni ugomvi, na kila upande ukisikia habari za mtoto kama huyu unamvuta kuwa shahidi wake. Nilikuwa naye miezi 11. Nilichokiona hakikutosha kwenye kauli ya upande wowote.

Aliyenipigia simu ni mwalimu wa malezi wa shule yao ya kata. Tatizo alilolieleza halikuwa la mwili hata kidogo. Alisema ana mwanafunzi wa kike aliyeacha kusema. Akiulizwa darasani anainama. Akisisitiziwa anaandika jibu kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu mezani. Walimu wawili walikwisha kumchapa wakidhani ni jeuri.

Alikuja ofisini na mama yake mwezi Machi, joto lile la Dar ambalo feni halilipunguzi, linalizungusha tu. Juu ya mtandio wa shule alikuwa amejiviringa skafu ya sufi shingoni, mizunguko mitatu. Shikamoo yake ilitoka kwa mnong'ono. Nikamuuliza kama koo linamuuma. Akavuta daftari langu, akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: "Hapana. Naficha." Kisha akalegeza skafu mzunguko mmoja, nikaona kikoromeo kikipanda na kushuka.

Mama aliongea kwa muda mrefu siku ile, na kila alipofika mahali pagumu alikunja na kukunjua pindo la kanga. Mtoto alizaliwa usiku, mkunga akatazama kwa tochi ya simu, akasema hongera mwanangu, wa kike. Ikaandikwa KE. Alipokuwa akimwogesha mama aliona kuwa maumbile hayafanani kabisa na ya watoto wa dada zake, akamwambia bibi, bibi akasema watoto hawafanani. Alipofika miaka 6 zikatokea uvimbe mbili ndogo, moja kila upande wa kinena. Wakaambiwa ni ngiri, arudi kwa upasuaji. Hela haikupatikana, kisha baba akaugua, kisha baba akafa, na ngiri ikasahauliwa kwa kuwa haikuwa ikiuma.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, na sitauficha. Mtoto wa kike mwenye uvimbe kwenye vinena vyote viwili anastahili kuulizwa swali moja zaidi, kwa sababu kilichomo humo wakati mwingine si utumbo, ni korodani ambazo hazikushuka. Swali hilo halikuulizwa. Mwili wa mtoto huyu ulijieleza siku ya kuzaliwa, ukajieleza tena akiwa na miaka 6, na mara zote mbili mtu mwenye koti jeupe alikuwa mbele yake. Sisemi hivyo kumlaani mkunga wa zamu ya usiku mwenye wajawazito wanne na tochi ya simu. Nasema kwa sababu kuna watoto ambao kuchelewa kwa namna hiyo kunawaua: wapo wanaozaliwa na maumbile yenye utata kwa sababu tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni za kutosha, mwili unapoteza chumvi, na wiki chache za kwanza wanaweza kufa wakitapika huku nyumbani ikidhaniwa ni homa ya tumbo. Dawa yao ipo, ni vidonge. Kinachotakiwa ni mtu kutazama vizuri na kusema: mtoto huyu apelekwe mbele.

Katika jalada niliandika "mtoto" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na Kiswahili kilinisitiri. Amekuja, anasema, mwenzake, wake: hakuna kiambishi hata kimoja kinachodai kujua kama ni wa kike au wa kiume. Lakini lugha hiyohiyo inabana kwingine. Ukishafika kwenye undugu huna pa kujificha: kaka au dada, shangazi au baba mdogo, mwali au kijana wa jando. Na kwenye fomu kuna visanduku viwili, ME na KE, wala hakuna cha tatu.

Katika semina tumefundishwa kutenganisha maneno mawili. Jinsi ni la mwili: viungo, homoni, kromosomu. Jinsia ni yale ambayo jamii inagawa juu ya mwili huo: nani achote maji, nani arithi shamba, nani akae jikoni na nani barazani. Tofauti hiyo imetusaidia sana katika kazi. Ila kuna jambo la tatu, lile la mtu anavyojijua ndani ya nafsi yake, ambalo wataalamu huliita utambulisho wa kijinsia na mtaani halina jina. Watu wengi wanaobishana mtandaoni wanalitupa jambo hili la tatu ndani ya moja kati ya yale mawili, kisha wanashangaa kwa nini hawaelewani.

Tukaenda hospitali, moja kubwa ya jijini. Ultrasaundi haikuonyesha mfuko wa uzazi. Zile "ngiri" zilikuwa korodani. Majibu ya kromosomu yalichukua wiki saba, yakarudi 46, XY, yaani mpangilio ambao kwa kawaida ni wa kiume. Daktari wa homoni, mtu mpole ambaye aliongea na mama kama anayeongea na dada yake, alichora kwenye karatasi na kueleza hivi.

Hadi kama wiki ya sita ya ujauzito vijusi vyote vina umbile moja. Kuna jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y. Hiyo ndiyo huzielekeza tezi changa ziwe korodani. Korodani zinatoa testosteroni. Lakini viungo vya nje vya kiume havijengwi na testosteroni yenyewe. Lazima kwanza kimeng'enya kimoja kiigeuze kuwa homoni yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni. Mtoto akirithi hitilafu kwenye jeni ya kimeng'enya hicho kutoka kwa baba na kwa mama pia, anazaliwa na korodani zilizo ndani huku nje akionekana wa kike, au yuko katikati. Miaka inapita kimya. Kisha balehe inabisha hodi, testosteroni inapanda, nayo haihitaji kimeng'enya kile ili kunenepesha sauti na kujaza misuli. Hedhi haiji kwa sababu hakuna mahali inapoweza kutoka.

Mama aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo sikukosea kumzaa?" Daktari akamwambia hapana, dada, hukukosea.

Hali hii si ya Mbagala peke yake. Mwaka 1974 mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za familia za Jamhuri ya Dominika ambako watoto wengi wa ukoo mmoja walikuwa nayo, kiasi kwamba wanakijiji walikuwa na jina lao la kuwaita na hawakushtuka tena. Miaka mitano baadaye wakaeleza kilichowapata wakubwa wao: kati ya 18 waliolelewa kama wasichana bila shaka yoyote, 17 walijitambua kuwa wanaume wakati wa balehe au baada yake. Nimeusoma ushahidi huo mara nyingi, kwa kuwa unanukuliwa na pande zote mbili. Mmoja anasema: unaona, mwili hushinda malezi. Mwingine anasema: unaona, mtu anajijua mwenyewe hata kama karatasi na wazazi wanasema vingine. Wote wana haki ya kusema hivyo. Lakini yule mmoja wa kumi na nane naye ni mtu. Na mapitio ya baadaye yaliyokusanya visa vya nchi nyingi yalikuta waliohama kutoka maisha ya kike kwenda ya kiume ni kati ya asilimia 56 na 63, si karibu wote. Kwa hiyo majibu ya maabara hayakuniambia huyu wa kwangu ni yupi.

Kikao nilichokiogopa kilifanyika Juni. Walikuwepo daktari wa homoni, daktari wa upasuaji, mwanasaikolojia, dada mmoja mwanaharakati wa haki za binadamu ambaye mama alielekezwa kwake na jirani, na baba mdogo wa mtoto, ndugu wa marehemu. Mtoto alikuwa nje kwenye benchi, skafu shingoni.

Baba mdogo alisema hataki kusikia habari za kugeuza watoto, huo ni ushoga unaoletwa na Wazungu. Mwanaharakati akamjibu kwamba mwili si hoja, kitu pekee cha kuangalia ni mtoto anajitambuaje. Daktari wa upasuaji, mzee mwenye uzoefu mkubwa na nia njema, akapita katikati: amelelewa binti, jina la binti, cheti cha binti, tuondoe zile tezi, tumpe homoni za kike, abaki binti kama mlivyomzoea. Fomu ya ridhaa ikawekwa mezani. Mama akashika kalamu. Vidole vyake vilikuwa bado vina njano ya manjano aliyowapaka samaki alfajiri. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi.

Nikauliza kama mtoto ameulizwa.

Hakuwa ameulizwa. Tulikuwa watu wazima saba chumbani na hakuna aliyefikiria kufungua mlango. Nami nilikuwa nimekaa hapo dakika arobaini nikisikiliza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema katika kifungu cha 4 kwamba maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulie, na katika kifungu cha 11 kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asinyimwe nafasi ya kuyatoa. Nimezifundisha ibara hizo kwa wengine. Fomu ilirudishwa kwenye bahasha, tukakubaliana kwamba hakuna kitakachokatwa hadi mtoto aelewe na aseme. Nilimuuliza daktari wa homoni kama kusubiri kuna hatari. Akasema korodani ambazo hazijashuka zinahitaji kufuatiliwa kwa sababu saratani inaweza kuzipata zaidi ya zile zilizo mahali pake, ila si hatari ya wiki hii wala ya mwezi huu. Na zikiondolewa, haziwezi kurudishwa, atameza homoni maisha yake yote, na tumaini lolote la kuzaa limekwisha.

Turudi kwa wale wawili waliobishana, kwa kuwa ndio wanaobishana kila mahali.

Wa upande wa baba mdogo mara nyingi husema kromosomu ni XY basi ni mwanamume, tufunge mjadala. Kauli hiyo ingempata mtoto huyu kwa bahati. Ingemwangamiza mwingine. Kuna wanawake wenye kromosomu XY na jeni ya SRY ambao seli zao hazipokei testosteroni kabisa. Wanaota matiti, wana umbo na sura ya kike, wamelelewa wanawake, wanajijua wanawake, na wengi hugundua siku wanapokwenda kuuliza kwa nini hawapati hedhi. Ukimwambia mmoja wao kwamba karatasi ya maabara imemfanya mwanamume umemdhulumu, na kibaiolojia pia umekosea, maana biolojia si kromosomu peke yake. Ni ngazi: jeni, tezi, homoni, vipokezi vya homoni, viungo. Kwa watu walio wengi mno ngazi zote zinaelekea upande mmoja, na ndiyo maana neno jinsi lina maana na linafaa. Kwa wachache haziendi pamoja, na kwa hao huwezi kuchagua ngazi moja unayoipenda ukaiita ndiyo ukweli.

Kauli ya kwamba mwili si hoja nayo haikuwa na msaada. Mwili ulikuwa hoja kila siku. Ndio uliohitaji ultrasaundi, ndio utakaohitaji kuangaliwa saratani, ndio utakaoamua kama kuna siku atapata mtoto wa damu yake. Kumwambia mama kwamba haya yote hayana uzito ni kumwacha peke yake na yale yanayomnyima usingizi. Dada yule ana moyo, namheshimu, na alikuwa sahihi kabisa kudai mtoto asikilizwe. Nilimwambia baada ya kikao kwamba kumsikiliza mtoto ni pamoja na kumpa habari kamili ya mwili wake, la sivyo tunamwomba achague gizani.

Na wapo watu ambao miili yao haina utata wowote na bado nafsi zao zinasema vingine. Kisa hiki si chao, na sitakitumia kuwasema kwa mema wala kwa mabaya. Nitakachosema ni kwamba fundisho la miaka ya nyuma, kwamba mtoto ni kama udongo, mlee binti atakuwa binti, limeanguka. Kule Kanada mtoto wa kiume, David Reimer, aliunguzwa sehemu zake akitahiriwa mwaka 1966, na wataalamu wakawashauri wazazi wamlee kama msichana. Hakukubali ndani ya nafsi yake hata siku moja. Alipoambiwa ukweli akiwa kijana alirudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 alijiua. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa akirudia fundisho hilohilo bila kujua, na wazee wake ndio waliomfundisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo ndilo lililokaribia kuvunja familia: nyumba.

Marehemu aliacha nyumba ya vyumba sita, vinne vikiwa na wapangaji. Wazazi wake walikwisha kufa. Aliacha mke, mtoto huyu mmoja, na ndugu wawili wa kiume. Ni Waislamu, mirathi ilikuwa Mahakama ya Mwanzo ikisubiri mgawo. Ichukulie nyumba ile kama mafungu nane. Mtoto akiwa wa kike: mke anapata thumuni, yaani fungu moja, binti pekee anapata nusu, mafungu manne, yanayobaki, mafungu matatu, yanakwenda kwa baba wadogo. Mtoto akiwa wa kiume: mke fungu lake moja, mtoto mafungu saba, na baba wadogo hawapati kitu.

Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini baba mdogo alipandisha sauti kikaoni. Siamini kwamba dini yake ilikuwa ya uongo au hasira yake yote ilikuwa ya vyumba. Lakini alisema mbele yangu, "Shemeji, mmemgeuza mtoto ili mtule." Na mama, mjane anayekaanga samaki pale Rangi Tatu, Mbagala, tangu saa 11 alfajiri, akawa anaitwa mwizi mtaani kwa sababu ya sauti ya mwanawe.

Aliyetuokoa ni shehe wa msikiti wao. Nilikwenda kwake na hofu, sikujua atapokeaje. Alinisikiliza, akaagiza maji, akaanza kuuliza maswali ya mtu anayejua anachouliza: ana alama zipi za balehe, mkojo unatoka wapi, madaktari wamesema nini. Kisha akasema huyu ni huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake yana utata kati ya kiume na kike, na habari za huntha zimo katika fiqhi, elimu ya sheria za dini, tangu karne za mwanzo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, huntha ambaye hali yake haijabainika anasimama katika swala nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Ana safu yake, hafukuzwi msikitini. Katika mirathi kila mrithi anapewa kile ambacho ni yakini kwa hali zote mbili, na kinachobishaniwa kinawekwa hadi jambo libainike. Kwa nyumba ile maana yake mama anapewa fungu lake moja, mtoto mafungu manne, na yale matatu yanakaa. Kubainika kunatafutwa kwanza kwenye alama za mwili. Zikishindikana, anaulizwa mwenyewe nafsi yake inaelekea wapi, na akishasema neno lake linamfunga.

Niliandika maneno hayo kwenye daftari palepale. Nilikuwa nimetoka kusikiliza watu wenye shahada wakigombana kama ni mwili au ni nafsi, na huyu mzee ana kitabu kinachouliza vyote viwili, kwa utaratibu, na kinachojua kusubiri. Sidai kwamba wanavyuoni wale walikuwa wakizungumzia mjadala wa leo, hawakuwa. Lakini aliyemwita mtoto huyu jambo la Wazungu hakuwa amewasoma wazee wake mwenyewe. Baba mdogo wa kwanza alikubali palepale mbele ya shehe. Wa pili amepinga, na shauri lina tarehe mahakamani.

Mtoto alikutana na mwanasaikolojia mara tisa. Alielezwa kila kitu kwa lugha yake, kwa michoro ileile ya daktari. Mara ya sita alianza kuongea kwa sauti. Nilikuwepo mara ya nane, kwa ridhaa yake, na nilimsikia akisema: "Mimi nilijua tangu darasa la nne kwamba kuna kitu. Sikujua kinaitwaje. Nataka kuvaa suruali. Lakini sitaki watu waseme mama ni muongo."

Hili la mama lilikuwa na uzito ambao mtu wa nje hawezi kuuona upesi. Mama huyu ana mtoto huyu mmoja tu. Tangu siku alipojifungua hajaitwa tena jina lake. Anaitwa Mama Fulani, kwa jina la kike la mwanawe. Wateja wanamwita hivyo, kikoba chake kimeandika hivyo, shuka la msiba wa mumewe lilitarizwa hivyo. Mtoto akibadili jina, mama naye anabadilishwa jina bila kuombwa. Waliongea wawili peke yao usiku mzima juu ya hilo. Mtoto ndiye aliyechagua jina jipya, na akachagua linaloanza na herufi ileile.

Karatasi zimekuwa mlima. Jina linabadilishwa kwa hati inayoandaliwa na wakili, hilo ni rahisi. Jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa ni jambo jingine. Tumeomba kwa njia ya kusahihisha kosa la usajili, tukiambatanisha ripoti ya madaktari, kwa hoja kwamba mkunga aliandika alichokiona na alichokiona hakikuwa chote. Sheria zetu hazina kifungu kinachomtaja mtoto wa namna hii. Uganda wanacho, katika sheria yao ya usajili wa watu ya 2015. Kenya, baada ya kesi ya mtoto aliyeandikiwa alama ya kuuliza kwenye fomu ya hospitali na hukumu ya Desemba 2014, waliwahesabu watu wa hali hii katika sensa ya 2019, wakawa 1,524 waliojitaja, na Sheria yao ya Watoto ya 2022 inawataja waziwazi. Sisi mtoto bado anategemea huruma ya karani.

Mwalimu wa michezo aliniuliza kuhusu mbio, maana mtoto alikuwa tegemeo la shule kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Jambo hilo ni zito duniani. Mashindano ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, medali zote tatu za mita 800 wanawake zilikwenda Afrika, kwa Caster Semenya, Francine Niyonsaba na Margaret Wambui, na wote watatu baadaye walizuiwa na kanuni za testosteroni. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 anayetaka kukimbia upande wa wanawake katika mashindano makubwa ya dunia lazima apimwe jeni ya SRY. Mimi naamini michezo ni mahali ambapo mwili una haki ya kuhesabiwa, na msichana wa Kigamboni anayefanya mazoezi pekupeku anastahili mashindano ya haki. Naamini pia kwamba hakuna kilichohalalisha jinsi mwili wa Semenya ulivyojadiliwa na dunia nzima mwaka 2009 akiwa na miaka 18. Huyu wetu hakusubiri kanuni. Alimwambia mwalimu mwenyewe kwamba hatakimbia tena na wasichana, na asiulizwe sababu mbele ya watu.

Alihamia shule nyingine, kata nyingine, Januari. Mkuu wa shule na mwalimu mmoja ndio wanaojua. Rejesta inasema ME. Bibi alichukua muda mrefu zaidi ya wote. Alilia kwa ajili ya ngoma ambayo haitachezwa. Doti zile mbili za kanga amempa mama.

Wiki iliyopita nilipiga simu ya mama saa 12 asubuhi kumkumbusha tarehe ya mahakama. Ikapokelewa na sauti nzito, ya haraka, nyuma yake mafuta yakichemka.

"Shikamoo, shangazi. Mama ana samaki jikoni, mikono imejaa. Nimwambie nini?"

Nikampa ujumbe wote, naye akaurudia neno kwa neno kwa sauti ya juu ili mama asikie.